Radi za usiku Kisumu: jinsi ya kuzipiga picha bila kuzikimbiza

Kila mara jua likitoa dhoruba kubwa, kama ile ya Mei 2024 ambayo watu walipiga picha za orora, ule mwanga wa rangi angani usiku, mpaka Florida na Mexico, huku kwetu pia watu wanaanza kuulizana kama ukipanda kilima cha Riat hapo juu ya Kisumu usiku unaeza kuona zile pazia za kijani. Huwezi bana. Orora inakaa karibu na ncha za sumaku za dunia, huko juu Norway na Iceland na Kanada, na sisi tuko hapa kwa mstari kabisa, ukitoka Kisumu ukielekea Busia unapita lile bango la ikweta pale Maseno. Lakini fikiria hivi: watu wanalipa pesa ndefu kukaa kwa baridi ya Norway usiku mzima wakingoja mwanga ambao unaeza kukataa kutokea, na wewe uko kando ya ziwa la kama kilomita 69,000 za mraba ambalo lina shoo yake ya taa usiku mwingi wa mwaka, na hakuna tiketi. Radi ndio naongelea.

Sasa haya ni maelezo ya mtu ako na kamera ya kawaida ama simu tu na anataka kurudi na picha nzuri na arudi akiwa mzima. Neno langu ni moja: radi ya huku haikimbizwi, inategwa. Wale jamaa wa YouTube unaona wakifukuza dhoruba wako na barabara zilizonyooka za Oklahoma na rada imewekwa kwa dashibodi, wewe uko na bodaboda na barabara ya Ahero imejaa malori na mvua ya huku ikianza huoni hata mita ishirini mbele. Kwa hivyo unachagua mahali, unageuza uso upande unaofaa saa inayofaa, alafu unangoja ipige mbali nawe.

Ndio ujue upande gani, lazima uelewe kwanza vile ziwa linafanya kazi, na linafanya kwa shifti mbili. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwani inavutwa kuja bara, inaenda kugongana na upepo unaotoka mashariki huko kwa milima ya Nandi, Kakamega na Kisii, ikikosa pa kwenda inapanda juu na kuwa mawingu. Ndio maana saa nane mchana unaona yale mawingu meupe yamesimama kama yamejengwa, na kufika saa kumi na moja jioni ukuta wa Nandi wote umekuwa mweusi. Kwa hivyo kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku, ukiwa Kisumu, usiangalie ziwa, geuka mashariki na kaskazini. Radi ziko juu ya Nandi na zinashuka kuelekea Kano na Nyando.

Shifti ya pili ni ya usiku mkubwa. Nchi kavu imepoa lakini maji bado yana joto, upepo unageuka, sasa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na unatoka pande zote, Kenya, Uganda, Tanzania, zinakutana katikati huko na kupanda. Hizo dhoruba zinakomaa kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri na nyingi zinakuwa upande wa magharibi wa ziwa. Kutoka Kisumu mjini utaona tu mwanga unapepesa chini kabisa kwa upeo, ghuba ya Winam ni ndefu na ziwa lenyewe liko mbali. Ukitaka kuziona zikiwa na mizizi yake kamili ondoka mjini, nenda Mbita ama Rusinga, ama Usenge, ama Port Victoria huko Busia, mahali ziwa liko wazi mbele yako. Ukienda Mbita kupitia Luanda Kotieno kumbuka feri ni ya mchana, usipange kuvuka usiku, zunguka na Homa Bay.

Msimu: Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba ndio zinakuwa kali, ingawa upande huu wetu hata Agosti inaeza kunyesha hadi ushangae. Lakini msimu peke yake haukusaidii. Unataka siku ambayo asubuhi ilikuwa wazi, jua likachoma mpaka mabati yakawa yanalia, alafu mawingu yakaanza kusimama moja moja na nafasi katikati. Ile siku imefunika wingu la kijivu kutoka asubuhi na kuna manyunyu, achana nayo, radi itapiga ndani ya wingu na utapata picha ya shuka jeupe.

Kabla ya kutoka angalia picha za setilaiti. Meteosat inatuma picha mpya ya Afrika angalau kila dakika 15 na unaziona bure kwa programu kama Windy, usiku tumia ile ya infraredi, mahali rangi inaonyesha baridi kali ndio kilele cha wingu kiko juu sana, hapo ndipo kuna shughuli. Kuna setilaiti mpya ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 ambayo iko na chombo maalum cha kuona radi, na baadhi ya ramani za radi siku hizi zinatumia data yake. Lakini kuna ramani zingine za radi zinategemea vifaa ambavyo watu wamejiwekea kwa nyumba zao, na Afrika vifaa hivyo ni vichache, kwa hivyo ramani ikiwa tupu haimaanishi mbingu iko tupu. Idara ya hali ya hewa pia hutoa utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi, upepo na mawimbi, usome, haukugharimu kitu.

Na uliza wavuvi wenyewe, wanajua kuliko simu yako. Kuna mzee wa omena ufuo mmoja wa Rusinga, tulikuwa tumesimama kando ya gari radi zinawaka mbali upande wa magharibi, nikamuuliza, "Mzee, hii inakuja kwetu?" Hata hakuangalia juu. Aliangalia boti zilizofungwa pale majini. "Hapana kijana wangu, hiyo ni ya Uganda hiyo. Unaona boti zimeangalia nyumbani? Zikigeuka ziangalie ziwa, ingia kwa gari." Na ni kweli kabisa ukifikiria. Boti iliyofungwa mbele inageuza kichwa kwa upepo. Usiku upepo wa kawaida unatoka nchi kavu kwa hivyo vichwa vyote vimeelekea nchi kavu. Dhoruba ikisogea inasukuma mbele yake upepo wake wa baridi wenye harufu ya mvua, na huo unatoka ziwani, boti zinaanza kuzunguka moja baada ya nyingine kabla hata hujasikia ngurumo. Tangu hapo mimi nikifika ufuo wowote cha kwanza natafuta boti.

Haya, usalama, na hapa sitanii ju radi inaua watu huku kwetu kila mwaka, wavuvi, watoto wa shule, wakulima. Ukisikia ngurumo, hata ile ya mbali ya kunguruma tumboni, dhoruba iko ndani ya kama kilomita 15 na inaeza kukufikia bila tone la mvua. Hesabu sekunde kutoka mwanga mpaka sauti ugawanye kwa tatu, hizo ndio kilomita, lakini usitumie hiyo hesabu kujipa moyo wa kukaa nje. Mwanga bila sauti, piga picha nje. Sauti ikianza, ingia. Kutoka tena ni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuingia wapi sasa. Nyumba ya kudumu yenye nyaya na mabomba, sawa. Gari lenye paa la chuma na vioo vimefungwa, sawa. Tuktuk si gari kwa hii stori, ile ni turubai na mabomba. Kibanda cha samaki cha mabati, hapana. Chini ya mwembe, hapana kabisa. Bodaboda, hapana. Boti, gati, kusimama na miguu majini ndio upate kivuli cha radi kwa maji, hapana tena hapana. Na tripodi yako ya chuma ukiisimamisha kwa uwanja mtupu wewe ndio umekuwa kitu kirefu kuliko vyote hapo. Nyanya atakwambia ufunike kioo na uvue shati nyekundu, hiyo mfanyie heshima tu akiwa anaangalia, lakini ya mti msikize kabisa.

Nyingine ni viboko. Upande wa Dunga na Hippo Point wanatoka majini usiku kula nyasi, na mnyama yule hatari yake ni ukimzuia njia ya kurudi kwa maji, kwa hivyo ukisimama kati yake na ziwa ukiwa umeinama kwa kamera, mambo yamekuharibikia. Kaa karibu na majengo na uende na watu. Kwa fuo nyingi kuna BMU, ile kamati ya ufuo, mtafute mwenyekiti kabla giza halijaingia umwambie unafanya nini, ju mtu hajulikani anamulika tochi kando ya boti za watu usiku hiyo inaleta maswali. Na askari wa pale umwachie kitu ya chai.

Mahali ninapopenda kwa anayeanza ni Riat, pale juu unaona mji wote chini, ghuba, Mlima Homa ng'ambo, na ukigeuka kushoto kuna Kano na ukuta wa Nandi, kwa hivyo shifti ya jioni unaipata vizuri, na ya usiku mkubwa unaona mwanga wake kwa mbali, bila kuhama. Ubaya ni kwamba ni juu na wazi, ngurumo ikianza usibishane. Kama unaeza kupata nyumba ya rafiki yenye dirisha la ghorofani linaloangalia ziwa, Milimani ama Dunga, hiyo ni bora kuliko vyote na unakunywa chai.

Tuje kwa kamera. Kuna kitu kimoja ukikielewa seting zote zinajipanga zenyewe. Radi moja inakaa chini ya sekunde, mara nyingi kama robo tu hivi, na ndani ya hiyo robo umeme unashuka njia ile ile mara tatu nne, ndio maana macho yanaiona ikipepesa. Hakuna kidole cha kuishika. Kwa hivyo unafungua shata, kile kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, kwa muda mrefu gizani na unaiacha wazi, radi ikija inajichora yenyewe kwa picha. Na ju iliwaka kwa robo sekunde tu, ukifungua shata sekunde tano ama sekunde ishirini, radi itatoka na mwangaza ule ule. Mwangaza wa radi unaamuliwa na ISO, yaani vile kamera inahisi mwanga, na tundu la lenzi. Muda wa shata unaamua kila kitu kingine, taa za mji, mawingu, maji. Rudia hiyo kichwani mpaka ikae, ju mafunzo mengi ya kupiga picha usiku yameandikwa na watu wa orora, na orora ni mwanga hafifu, wanakwambia ISO 1600 ama 3200 na f/2.8 (hiyo f ni tundu, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Ukibeba hizo ukapige radi nazo utapata mstari mnene mweupe kama chaki.

Anza hivi. Dhoruba ya mbali sana, ile unaona mwanga husikii kitu, ISO 400 na f/4, lenzi ya milimita 50 mpaka 85. Ikiwa ya wastani, ISO 200 na f/5.6 ama f/8, lenzi pana ya 24 ama 35. Ikiwa karibu na wewe uko ndani ya nyumba, ISO 100 na f/8 mpaka f/11. Shata anza na sekunde 15 mahali pa giza kama Rusinga, lakini Riat ukiangalia mji teremsha mpaka 4 ama 8, la sivyo taa za barabara zitaungua. Alafu piga, angalia kwa skrini, vuta karibu uangalie mstari wenyewe: ukiwa mwembamba na una matawi yake madogo umepata, ukiwa mnene umeungua funga tundu kidogo, ukiwa wa rangi ya majivu fungua.

Fokasi weka ya mkono. Kamera yenyewe ikitafuta gizani itazunguka tu na radi imepita. Tafuta taa ya mbali, ng'ambo ya ghuba, ivute kwa skrini mpaka iwe kubwa, zungusha mpaka iwe kidoti kidogo kabisa alafu bandika seloteipu kwa lenzi isisogee. Usizungushe mpaka mwisho ukidhani ndio mbali kabisa, lenzi nyingi zinapitiliza. Zima ile ya kutuliza mtikisiko kama uko kwa tripodi. Zima pia ile ya kupunguza chenga, zile nukta nukta za gizani, kwa picha ndefu, hii watu wengi hawaijui: ukipiga sekunde 15 kamera inakaa sekunde 15 nyingine ikisafisha na haipigi kitu, na radi kubwa ya usiku inapenda kuja hapo. Piga RAW, ile faili ambayo kamera haijaipika.

Kubonyeza kila mara utachoka na utatikisa kamera. Weka kamera kwa ile ya kupiga mfululizo, na ukiwa na rimoti ya waya funga kitufe chake kikae kimebonyezwa. Kama huna, weka kipande cha raba juu ya kitufe cha kamera na uifunge na bendi ya mpira, itapiga picha baada ya picha mpaka kadi ijae. Hapo unakaa kwa kiti unaangalia ziwa na macho yako, ambayo kwa maoni yangu ndio sehemu nzuri ya usiku. Beba betri ya ziada, shata ndefu zinakula chaji.

Ukiwa kwa gari huhitaji tripodi, chukua mfuko wa maharagwe kilo moja ama mbili, uweke kwa mlango kioo kikiwa kimeshuka, ukandamize kamera juu yake, itashika kuliko tripodi ya bei rahisi. Zima injini. Ngurumo ikianza pandisha kioo upige kupitia kioo. Ukiwa nyuma ya kioo, cha gari ama cha nyumba, zima taa zote ndani, sogeza lenzi mpaka iguse kioo na uizungushie leso nyeusi, la sivyo utapiga picha ya uso wako na friji. Taa uzime hata ukiwa nje, wale wadudu wa ziwa wakiona mwanga wanakuja kama moshi na wanaingia kwa lenzi, chai, masikio, kila mahali.

Simu sasa. Samsung nyingi na baadhi ya Tecno na Infinix ziko na modi ya Pro, ingia hapo, ISO 50 mpaka 100, shata sekunde 4 mpaka 10, fokasi ya mkono kwa alama ya mlima, simu uiegemeze kwa kitu kisichosogea na utumie taima ya sekunde mbili. Kama simu yako haina shata ya mkono usihangaike, rekodi video kwa kiwango cha juu kabisa, funga fokasi kwa taa ya mbali kwa kubonyeza na kushikilia, alafu kesho yake pitia video polepole utoe ile fremu moja. Haitakuwa safi ya kuchapishwa ukutani lakini kwa WhatsApp hakuna atakayejua.

Picha bila kitu mbele ni mstari mweupe kwa giza, inachosha. Omena wanavuliwa kwa taa, na usiku wa giza ukiwa Rusinga unaona taa zimejipanga majini ukidhani ni mji umehamia ziwani. Hizo ndio uweke chini ya radi. Lakini zinaelea, ukizidisha sekunde kumi zinakuwa minyoo. Na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hawatoki ju taa hazivuti omena, ingawa mwezi huo huo unakuonyesha umbo la wingu vizuri sana, kwa hivyo uamue unataka nini, taa ama wingu. Ukitaka kivuli cha radi majini tafuta maji yametulia, na uangalie mchana kama gugumaji limeingia, ju usiku unaeza kupanga fremu yako yote juu ya shamba la majani bila kujua.

Nyumbani, Lightroom ya simu ama Snapseed inatosha. Shusha sehemu zinazong'aa, sogeza rangi kuelekea bluu, kama 3800 mpaka 4200 kwa kipimo cha joto la rangi (Kelvin), ile njano ya taa za mji inatoka. Zambarau usizidishe, radi ya Kano haina rangi ya soda. Kama fremu kadhaa zina radi tofauti na kamera haikusogea, unaeza kuzilaza pamoja kwa StarStaX, programu ya kompyuta, ni ya bure, inachukua sehemu ing'aayo ya kila picha. Inapendeza, lakini sema ni picha nyingi, ju mtu akiona radi tisa kwa sekunde moja juu ya Mlima Homa na ni mwenyeji wa pale, ataku-"aiii" hadharani.

Fremu tupu zifute asubuhi hiyo hiyo kabla ya kulala, zitakuwa nyingi na kadi haitakungoja. Bakisha moja mbili safi za mji bila radi, za kulaza chini wakati taa za fremu nzuri zimeungua.